Paa la Bulaimu

Nyumba aliyoishi Tshibangu haikujengwa na Tshibangu, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote wa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu. Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yake Onema. Kuta za matofali mabichi na mabati ya juu, watu walisema, vilikuwa kazi ya Bulaimu, mume wa kwanza wa Onema, mtu wa Lokandu, ambaye baada ya miaka saba bila mtoto alimpa talaka akaenda kuoa mwingine kwao.

Siku Tshibangu alipohamia pale na sanduku lake la chuma, mambo hayo hayakumsumbua. Aliyeondoka ameondoka, alijiambia. Alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana ya reli, Mkasai wa miaka thelathini na nane, aliyechoka kupanga chumba na kula ugali wa jana peke yake. Onema aliuza mchele wa Kibombo sokoni, mwanamke wa maneno machache, mwenye mkono usiopunja kibaba. Walioana, na mwaka uliofuata akamzalia mtoto wa kike, wakamwita Ngoyi. Mtu angetaka nini zaidi?

Kilichoanza kumla moyo ni upepo.

Mwezi wa tisa wa mwaka 1973, mvua za kwanza zilipokuwa zinarudi, tufani ilivuka mto Lualaba mchana, ikapiga Mikelenge kama mtu anayepiga mkeka ukutani. Nyumba kumi na moja za barabara yao zilibaki wazi. Mabati yalikutwa kwenye mihogo ya watu, mengine yamekunjwa kama barua. Nyumba ya Onema haikupoteza hata msumari. Juu ya mabati yake zilipita kamba tisa za kekele, zile kamba ngumu za mwituni ambazo watu husukia viti, kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine, na kila mwisho ulifungwa kwenye kigingi cha mti mgumu kilichozikwa ardhini hadi shingoni. Upepo ulivuta, kamba zikakaza.

Tangu siku ile, mtu akipita na mgeni alisimama kidogo na kuonyesha kwa kidole kwamba ndiyo hiyo. "Unaona? Ile njo paa ya Bulaimu."

Tshibangu aliyasikia maneno hayo akinyoa ndevu uani. Aliyasikia akitoka kazini. Aliyasikia hata kanisani, mlangoni, kwa watu wasiojua kwamba anayesimama nyuma yao ndiye mwenye kulala chini ya paa lenyewe. Na mzee Okito, mkuu wa seli ya chama katika mtaa wao, mtu mwema lakini mwenye ulimi usio na mlango, alimwambia mbele ya majirani, akimwita raia kwa Kifaransa kama chama kilivyotaka: "Sitwayen Tshibangu, weye una bahati. Umekuta bibi, umekuta na paa. Yule Bulaimu alikuwa mwanaume."

"Alikuwa." Neno hilo Tshibangu alilibeba hadi nyumbani kama jiwe kiatuni. Na miye je, nikoje?

Akaanza kuuliza maswali, kwanza kwa mzaha.

"Mama Ngoyi, yule Bulaimu alikuwa muntu mrefu?"

"Wa kawaida," Onema alijibu, akipepeta mchele.

"Alikuwa na nguvu?"

"Kama watu."

"Alikuwa anaimba akifanya kazi?"

"Sikumbuki, Baba Ngoyi. Ni zamani."

Mke anayemtukana mume wa zamani humpoza mume wa sasa. Onema hakumtukana Bulaimu, wala hakumsifu. Aliyafunika tu mambo yao, na kitu kilichofunikwa mtu hukipamba apendavyo. Basi Tshibangu akajitengenezea Bulaimu wake: mrefu, mwenye mabega, amesimama kileleni mwa paa kifua wazi, na Onema chini akimpokeza kikombe cha maji na kucheka kwa ile sauti aliyokuwa nayo alipokuwa msichana. Mchana jua likipasha mabati, kamba zilitoa mlio mdogo, nyi, nyi, nyi. Tshibangu alilala chali akizisikiliza, akaona kana kwamba mtu anatembea taratibu juu ya ndoa yake.

Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, maandalizi ya msimu wa upepo yakaanza. Watu walikuwa wameona, hawakutaka kuona mara mbili. Jumamosi, saa za Salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, Okito alipita na filimbi yake nyumba kwa nyumba. Matawi ya miparachichi yaliyoinamia nyumba yakatwe. Mitaro izibuliwe, maji yapate njia. Asiye na kamba apandishe mawe juu ya mabati, lakini mawe mazito, siyo kokoto. Mitumbwi ivutwe mbali na ukingo. Kuni kavu ziingizwe ndani, na kila nyumba iwe na chakula cha siku tatu mahali pasipovuja. Wanawake walipakaza udongo kwenye nyufa za kuta, wanaume wakagonga misumari, na Mikelenge nzima ikalia kama karakana.

Kwenye nyumba ya Onema, Okito alisimama, akavuta kamba moja kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hizi zimezeeka. Tazama, zinameguka. Upepo wa mwaka jana ulikuwa wa mwisho wao. Bila kuzibadilisha..."

"Nitazishughulikia," Onema alisema.

"Zitafungwa na nani sasa? Fundo ile hakuna anayeijua hapa."

"Nimesema nitazishughulikia, mzee."

Tshibangu alikuwa mtaroni na beleshi lake. Alisikia, akachimba kwa nguvu hadi mtaro ukawa mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jibu lilikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mama Claudine, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha aliyepanda na kushuka mto kati ya Lokandu na Kindu, aliingia uani akitweta, na kichwani amebeba mzigo mkubwa wa kekele mbichi, za kijani, zilizoviringwa kama nyoka aliyelala. Onema hakuwapo, alikuwa kisimani.

"Mwambie Onema hizi zinatoka kwa Bulaimu," alisema Mama Claudine, akiutua chini. "Njo zile alizoagiza. Anasema aziloweke siku mbili. Na anasalimia nyumba."

Tshibangu alimshukuru. Alimpa hata kiti na maji. Mgeni alipoondoka, Tshibangu alibaki akiutazama ule mzigo, na masikio yake yakawaka.

Onema alirudi na ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Alimkuta mumewe amesimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Toka lini unatumiana vitu na salamu na Bulaimu?"

Onema aliteremsha ndoo bila kumwaga hata tone. "Niliagiza kamba. Sikuagiza salamu."

"Kindu nzima haina kekele? Mpaka Lokandu? Mpaka kwake?"

"Za sokoni zimekaushwa na jua, zinakatika. Yeye anazitoa mwitu wa ndani, njo biashara yake. Ningeagiza kwa nani?"

"Na atakuja kuzifunga mwenyewe, siyo? Atapanda juu ya kichwa changu, miye nimshikie ngazi?"

"Hakuna aliyesema atakuja."

"Basi nani atazifunga?"

Onema alifungua mdomo, kisha akaufunga. Tshibangu aliona, na ule ukimya aliujaza mwenyewe kwa yote aliyoyaogopa. Akaubeba mzigo, akautupa nyuma ya choo. Jioni Onema alikwenda, akauokota, akauzamisha ndani ya pipa la maji ya mvua lililokuwa kando ya jiko, akaweka jiwe juu yake.

Kesho yake, baada ya Salongo, Tshibangu aliegemeza ngazi ukutani, akapanda na panga. Majirani walitoka kuangalia. Alikata kamba ya kwanza. Ilikatika kwa sauti kavu, ikaanguka pande mbili, na mwili wake wote ukasisimka kwa raha ambayo aliionea haya. Akakata ya pili. Ya tatu alikata kwa kucheka.

"Baba Ngoyi!" Onema aliita kutoka chini, mtoto mgongoni. "Acha basi zile za upande wa chumba cha kulala. Maliza kwanza huku, kisha ukate kule."

"Miye ni fundi," Tshibangu alijibu kwa sauti ya kusikika barabarani. "Ninafunga mashine zinazovuta mabehewa ishirini. Nitashindwa na kibanda?"

"Chuma haiinami, Baba Ngoyi. Kamba inainama."

"Nani alikufundisha maneno hayo? Yeye?"

Onema akageuka, akaingia ndani. Tshibangu akakata zote tisa.

Kisha akafanya kazi, na hakuna atakayesema hakufanya. Alikuwa na waya nene na skurubu kuukuu alizopewa karakana kwa ruhusa ya mkubwa wake. Alitoboa mabati, akapitisha waya, akaikaza kwa koleo mpaka ikalia. Hadi jua kuzama, upande wa sebule ulikuwa umekwisha, unang'aa, kazi safi ya mtu wa reli. Upande wa chumba cha kulala ulibaki na misumari yake ya zamani tu. Kesho, alijiambia. Mwezi wa nane bado haujaisha. Mvua ya kwanza iko mbali.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda kambi ya reli kuazima keekee ya kutobolea mabati kwa mwenzake, kwani yake ilikuwa imevunjika ncha. Mwenzake alikuwa na wageni, wakamkalisha. Saa tisa alipokuwa anarudi aliona jambo lisilompendeza: mbuzi wa mtaa wote walikuwa wamesimama barazani mwa watu, wakigeukia upande mmoja. Hewa ilikuwa imesimama. Juu ya Alunguli, ng'ambo ya mto, mbingu ilikuwa imepata rangi ya jeraha la siku tatu, na Lualaba chini yake ilikuwa nyeupe.

Akaanza kukimbia.

Alifika uani pamoja na vumbi. Upepo haukuja kwa kuongezeka, ulikuja mzima. Mparachichi wa jirani uliinama ukabaki umeinama. Tshibangu aliingia sebuleni, akasikia waya zake juu zikianza kulia. Chuma kilikuwa hakiinami, kweli. Kila upepo ulipovuta, waya ilikata bati kama kisu kinavyokata jibini, tundu likawa mpasuko, mpasuko ukawa mdomo. Bati la kwanza liliondoka na mlio wa mnyama. La pili likalifuata. Kisha ule upande wote uliong'aa, kazi yake ya siku nzima, uliinuka kwa pamoja, ukasimama hewani kitambo kidogo kana kwamba unamtazama, ukaenda zake. Mvua ikamwagika juu ya meza, juu ya viti, juu ya picha ya harusi yao.

"Baba Ngoyi! Huku!"

Onema alikuwa chumbani. Alikuwa amemlaza Ngoyi ndani ya karai kubwa la kufulia, akalisukuma chini ya kitanda, akalizungushia magunia ya mchele. Mtoto alikuwa analia, lakini sauti yake ilisikika kama inatoka nyumba ya pili. Juu ya kitanda, pau zilikuwa zinapanda na kushuka kama mbavu za mtu anayehema.

"Toka nje, upande wa barabara!" Onema alimpigia kelele sikioni. "Nitakurushia kamba. Ukiishika, ikalie. Ikalie kwa matako yako, usiiachie!"

Hakuwa na nafasi ya kuuliza. Alitoka. Mvua ilimpiga usoni kama mchanga. Akasubiri chini ya ukuta, na mara kutoka nyuma ya nyumba, juu ya kilele, likaruka jiwe limefungwa kekele, likaanguka miguuni pake. Aliishika kamba, akaivuta, akaizungusha kwenye kigingi, akaketi juu yake kwenye tope. Bati lililokuwa linapita na upepo lilimchana mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Aliona damu, hakusikia maumivu. Onema akaja mbio akizunguka nyumba, khanga imemshika mwilini, akapiga magoti mbele ya kigingi.

Hapo Tshibangu aliitazama mikono ya mke wake. Haikufikiri. Ilipitisha kamba chini, ikairudisha, ikazungusha mara tatu, ikachomeka mkia ndani ya mzunguko wa kwanza, kisha mguu ukakanyaga kigingi na mgongo ukavuta. Fundo likajikaza lenyewe. "Achia!" Akaachia. Kamba ilibaki. Onema alikuwa amekwisha kurudi nyuma ya nyumba kuchukua ya pili.

Na hata pale, Mungu amsamehe, nusu ya nyumba imekwenda, mtoto yuko chini ya kitanda, damu inamtiririka, Tshibangu aliona wivu. Mikono haijifunzi hivi kwa siku moja, aliwaza. Alisimama naye mara ngapi? Walipiga magoti pamoja mbele ya vigingi hivi mara ngapi, mpaka vidole vyake vikakariri?

Walifunga kamba nne. Ya tano haikuhitajika. Paa la chumba lilikoroma, likavuta, likatulia. Robo saa baadaye mvua ilikuwa mvua tu, na Ngoyi, alipotolewa kwenye karai, alikuwa mkavu na amekasirika.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa nzuri. Tshibangu alikwenda kuokota mabati yake kwenye bustani za watu, mkono umefungwa kitambaa. Nyumba saba zilikuwa zimefunuliwa. Watu walikuja kuangalia: upande wa sebule wazi kama chungu, upande wa chumba umesimama na kamba nne za kijani, wala hakuna aliyeuliza nani alizifunga.

"Mumeona?" Okito alisema, bila ubaya wowote moyoni. "Palipo na kamba ya Bulaimu, nyumba iko. Palipo na waya..." Akakohoa.

Usiku na mchana mume na mke walisema ya lazima tu: chumvi iko wapi, mtoto amelala. Tshibangu hakuuliza fundo lile Onema alifundishwa na nani. Aliogopa jibu.

Jumatano boti ya Mama Claudine ilitia nanga na mizigo kumi ya kekele, na pamoja na mizigo hiyo akashuka Bulaimu. Habari za tufani zilikuwa zimefika Lokandu, naye alijua watu watahitaji kamba. Mchana akaja kubisha hodi.

Onema alikuwa sokoni. Tshibangu, ambaye karakana ilimpa siku chache kwa ajili ya mkono, alifungua mlango akakuta mtu mfupi, mwenye kitambi na kofia ya kushonwa kwa mkono, meno mawili ya mbele hayapo.

"Miye njo Bulaimu," yule mtu alisema kwa upole, na Tshibangu akatazama nyuma yake kumtafuta mwingine. "Nilisikia mumeumizwa. Nikasema nisipite bila kutoa pole."

Adabu ni adabu. Tshibangu alimkaribisha, akamletea kiti na maji. Alitegemea kwamba kumwona mfupi vile kungempoza. Hakukumpoza. Ikawa mbaya zaidi: basi hata kitambi hiki kiliweza kupanda kule juu!

Bulaimu alikunywa maji, kisha akasogea kwenye kigingi cha karibu, akainama, akaligusa fundo kwa kidole. Akatabasamu na mapengo yake.

"Mukono wake haujabadilika," alisema.

"Mukono wa nani?"

"Wa Onema." Alipoona uso wa Tshibangu, Bulaimu alitazama barabarani kama hakuna mtu, akarudi kitini. "Hakukuambia? Mpaka leo?"

"Aniambie nini?"

Bulaimu alivua kofia, akaivaa tena. "Ndugu yangu, miye ninaogopa kupanda. Toka utoto. Ngazi ya tatu tu magoti yananicheza. Kuta, ndiyo, nilijenga miye. Lakini ile paa aliifunga yeye. Baba yake alikuwa mjenzi kule Kibombo, hakuzaa mwanaume, akamfundisha binti. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, Onema alipanda juu. Miye nilikaa nyuma ya nyumba nikigonga gogo kwa nyundo, watu wasikie Bulaimu anafanya kazi." Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Watu wakasema Bulaimu ni fundi. Sikukataa. Naye hakukataa. Alinipa heshima ile miaka yote, na miye nikamlipa unavyojua."

Alipoondoka, Tshibangu alibaki kitini mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia.

Mtu angedhani wivu ungekufa siku hiyo. Ulibadilisha kiti tu. Paa halikumuuma tena; sasa kilimuuma kile kifuniko. Miaka saba ya ndoa, na mingine baada ya talaka, Onema alikuwa amemfunika mtu yule, hata mbele ya mume mpya anayewaka moto. Alikubali atupiwe kamba nyuma ya choo kuliko kusema.

Onema aliporudi, Tshibangu hakusubiri hata atue kapu.

"Bulaimu amekuja. Ameniambia."

Onema hakuuliza "Amekuambia nini?" Aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akamfungua mtoto mgongoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesikia? Nilikuambia chuma haiinami. Ukasema weye ni fundi."

"Ulimfichia siri yule. Miaka yote ile. Hata alipokuacha!"

"Siri nilimpa yeye, sikuipa ndoa. Ndoa ikifa, siri haifi."

"Na miye? Miye ungenifichia aibu yangu hivyo?"

Onema alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile pembe ya mdomo wake ikacheza. "Baba Ngoyi, weye ulikata kamba mchana, juu ya paa, mtaa mzima unaangalia. Ningekufichia wapi?"

Jumamosi ikafika, Salongo ya kurudisha mapaa. Okito alikusanya watu kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyebaki bila kitu. Mabati yalikuwa yamekwisha gongwa, zilibaki kamba.

"Tunashukuru Mungu fundi mwenyewe iko hapa," Okito alitangaza. "Bulaimu, panda. Vijana waone, wajifunze."

Watu wakapiga makofi. Bulaimu alianza kusema habari ya mgongo wake, wakacheka, wakamsukuma. Alishika ngazi. Alikanyaga ya kwanza, kisha ya pili. Tshibangu alisimama karibu, na aliyoyaona hakuna mwingine aliyeyaona: shingo ya yule mtu imelowa jasho, vidole vimekuwa vyeupe kwenye mti. Furaha ilimpanda Tshibangu kooni. Endelea, alimwambia kimoyomoyo. Panda. Anguka mbele yao wote. Ya tatu. Magoti ya Bulaimu yakaanza kucheza.

Akatupa jicho upande wa wanawake. Onema alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa anaona aibu kwa ajili ya mtu aliyemwacha.

"Shuka!" Tshibangu alisema kwa nguvu. "Bulaimu, shuka. Anayejua kufunga njo bibi yangu. Ile paa ni yake. Alifunga yeye, toka zamani, na Jumapili alifunga yeye tena, miye nilikalia kamba tu."

Kukawa kicheko, kisha maneno mengi kwa pamoja. Bulaimu alishuka, akakaa chini palepale, akajifuta uso kwa kofia. Tshibangu mwenyewe, akiulizwa hadi leo, hawezi kuapa kama alisema vile kwa kumhurumia mtu au kwa kumvua nguo mbele ya watu. Pengine kwa yote mawili.

Onema alimjia taratibu. Alimkabidhi mtoto. "Ile siri ilikuwa yangu," alimwambia chini ya pumzi, "haikuwa yako kuitoa." Kisha akakaza khanga kiunoni, akapanda ngazi. Wanaume walicheka mpaka kamba ya kwanza. Kamba ya pili walinyamaza. Ya tatu, mzee Okito alisogea akaomba aonyeshwe fundo, polepole, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri.

Siku nne Onema hakumsemesha Tshibangu. Ya tano alimwita uani, akampa kipande cha kekele, akamwambia afunge. Alifunga. Onema akalifungua fundo kwa kidole kimoja, akamwambia afunge tena. Hadi mvua kubwa zilipoanza Tshibangu alikuwa anaweza, ingawa si kwa haraka, na sebule yao ilifunikwa kwa mikono yake, akipanda yeye na Onema akisimamia chini.

Kazi zikaanza kumtafuta Onema. "Mama Ngoyi, tufungie nasi." Watu wa mtaa wa Kasuku wakamwita, hata ng'ambo, Alunguli, wakatuma mtu. Siku hiyo Tshibangu aliomba ruhusa kazini, ingawa hakuna aliyemwomba aende. Walivuka Lualaba kwa mtumbwi, Onema mbele na mzigo wa kekele, yeye nyuma na mtoto mapajani.

Mwenye nyumba aliitwa Sudi, kijana mrefu, mabega mapana, mke hana. Onema alipoteremka kutoka juu ya paa, Sudi alikuwa anamsubiri na kikombe cha maji na kiti kimoja, alichokipangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, kaa upumzike," alisema. "Kazi kama hii sijaiona."

Tshibangu alishukuru sana, akaketi yeye.